Maswali ya Wasomaji: Jimbo la Rae Bareli na Kesi Iliyomfikisha Waziri Mkuu Mahakamani

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu na pole na kazi. Jioni moja tukiwa barazani tunakunywa kahawa, mzee wetu mmoja alisema kwamba huko India mahakama iliwahi kutengua ubunge wa Waziri Mkuu akiwa madarakani, na kwamba kesi hiyo ilitoka katika jimbo la vijijini. Mwenzake akapinga, akasema jimbo hilo ni mali ya ukoo wa Gandhi na hakuna awezaye kuwagusa. Maneno yalikuwa mengi hadi kahawa ikapoa. Naomba utusuluhishe, na utusimulie historia ya jimbo lenyewe. (Msomaji wa Ngamiani, Tanga)

JIBU: Mzee wenu amesema kweli. Waziri Mkuu huyo ni Indira Gandhi, na jimbo hilo ni Rae Bareli, katika jimbo kuu la Uttar Pradesh, kiasi cha kilomita 80 kutoka Lucknow, na watu wake wengi wanaishi kwa kulima ngano na mpunga. Lisilinganishwe na Muheza au Pangani kwa ukubwa, kwa kuwa jimbo moja la Lok Sabha, yaani bunge la India linalochaguliwa na wananchi moja kwa moja, hukusanya majimbo kadhaa madogo ya bunge la jimbo kuu; Rae Bareli lina matano, na waliojiandikisha kupiga kura humo wamepita milioni moja na nusu.

Ukoo wa Gandhi haukufika hapo kwa bahati tu. Tarehe 7 Januari 1921, wakulima waliokuwa wakilalamikia kodi na kufukuzwa mashambani na wenye ardhi wakubwa walipigwa risasi huko Munshiganj, kando ya mto Sai, na siku hiyo Jawaharlal Nehru, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa India, alikuwa amefika huko akazuiwa ng'ambo ya mto. Msomaji wa Tanga aliyesimuliwa na wazee habari za manamba wa mashamba ya mkonge ataelewa haraka kwa nini siku kama hiyo haisahauliki vijijini. Katika uchaguzi wa 1952 na wa 1957, mkwewe Nehru, Feroze Gandhi, alichaguliwa kuwa mbunge wa eneo hilo. Hapa niondoe kosa ambalo wasomaji wengi hulifanya: Feroze alikuwa wa jamii ya Waparsi, yaani Wahindi wenye asili ya Uajemi, na hakuwa na undugu na Mahatma Gandhi. Alikuwa mbunge mkali hata kwa serikali ya baba mkwe wake, na mwaka 1956 ndiye aliyepeleka muswada wa kuwalinda waandishi wanaoripoti kwa uaminifu yaliyosemwa bungeni. Alifariki mwaka 1960. Mkewe, Indira, aligombea huko mwaka 1967 na akashinda.

Sasa tufike kwenye kesi. Mwaka 1971 Indira, akiwa Waziri Mkuu, alimshinda mgombea wa kisoshalisti, Raj Narain, kwa zaidi ya kura 110,000. Kwa tofauti hiyo wengi wangekubali yaishe, lakini Raj Narain alifungua kesi ya kupinga matokeo katika Mahakama Kuu ya Allahabad, mji ambao leo unaitwa Prayagraj. Madai yake yalikuwa mengi: kwamba wapiga kura waligawiwa mablanketi, nguo na pombe, na kwamba alama ya ng'ombe na ndama iliyotumiwa na chama cha Indira ilikuwa ya kidini. Suala la alama si dogo katika nchi ambayo wakati huo wapiga kura wengi hawakujua kusoma. Wazee wetu waliopiga kura enzi za jembe na nyumba wanalijua vizuri. Jaji Jagmohanlal Sinha aliyakataa madai hayo yote.

Mengine mawili yalisimama, na yote mawili ni mambo ya ofisini ambayo mtu angeweza kuyapita bila kuyatazama. La kwanza lilimhusu Yashpal Kapoor, mtumishi wa serikali katika ofisi ya Waziri Mkuu, aliyeandika barua ya kujiuzulu tarehe 13 Januari 1971, ikakubaliwa rasmi tarehe 25, na katika siku hizo za katikati alikwisha kuanza kumfanyia Indira kampeni jimboni. La pili lilihusu majukwaa: maofisa wa serikali ya Uttar Pradesh walisimamia ujenzi wa majukwaa ya mikutano yake na umeme wa vipaza sauti. Mimi naona uzito wa hukumu hiyo uko hapo hasa, kwamba jaji hakungoja aone wizi wa kura ndipo aseme sheria imevunjwa. Alipima tarehe za barua na mbao za jukwaa, akaona kwamba mgombea mmoja alibebwa na serikali na mwingine alitembea kwa miguu yake.

Mwezi Machi 1975 Indira alifika mwenyewe mahakamani kuhojiwa, jambo ambalo hakuna Waziri Mkuu wa India aliyekuwa amelifanya kabla yake. Aliwekewa kiti, lakini jaji alikuwa ameagiza mapema kwamba watu wasisimame atakapoingia, kwa kuwa mahakamani husimamiwa jaji peke yake. Sisi tuliolelewa kumwamkia kila mkubwa tunaweza kufikiri jinsi chumba kile kilivyokuwa kimya.

Hukumu ilisomwa tarehe 12 Juni 1975: ushindi umetenguliwa, na Indira haruhusiwi kugombea kwa miaka sita. Alikata rufaa, na Mahakama ya Juu ikamruhusu abaki Waziri Mkuu kwa masharti. Usiku wa tarehe 25 Juni ikatangazwa hali ya hatari. Wapinzani, Raj Narain akiwamo, wakawekwa kizuizini, magazeti yakakaguliwa kabla ya kuchapwa, na hata ile sheria ya Feroze ya kuwalinda waandishi ikafutwa. Bunge likabadili sheria za uchaguzi, na mwezi Novemba Mahakama ya Juu ikamrudishia Indira ushindi wake.

Kwa hiyo mahakama haikuwa na neno la mwisho. Wanavijiji ndio waliolisema. Katika miezi ile 21 ya hali ya hatari kampeni ya kuwafunga wanaume uzazi iliingia vijijini kwa nguvu, hata walimu wakapangiwa idadi ya watu wa kuwapeleka, na kaskazini mwa India hasira ilikuwa kubwa. Mwezi Machi 1977 Raj Narain alirudi Rae Bareli chini ya alama ya mkulima mwenye plau ndani ya gurudumu, akamshinda Indira kwa kura takriban 55,000.

Mwambie basi yule mwingine wa barazani kwamba ukoo huo umeguswa, na umeguswa zaidi ya mara moja, kwa sababu mwaka 1996 na mwaka 1998 jimbo lilichukuliwa na Ashok Singh wa chama cha BJP. Anachoweza kudai kwa haki ni kwamba wenyeji wamewarudia kila mara: Sonia Gandhi, mkwe wa Indira, alikuwa mbunge wao tangu 2004 hadi 2024.

SWALI: Nimesikia kwamba mwaka 2024 Rahul Gandhi aligombea majimbo mawili kwa wakati mmoja. Sheria inaruhusu? (Msomaji wa Pangani)

JIBU: Inaruhusu. Kwetu mgombea ubunge ana jimbo moja tu, lakini India mtu anaweza kugombea mawili, na akishinda yote hana budi kuacha moja, kisha huko hufanyika uchaguzi mdogo. Zamani hapakuwa na ukomo. Kikomo cha mawili kiliwekwa mwaka 1996. Indira mwenyewe alishinda Rae Bareli na Medak mwaka 1980, akaiacha Rae Bareli. Mjukuu wake Rahul alishinda Rae Bareli na Wayanad ya Kerala. Yeye alibaki na Rae Bareli, na Wayanad ikaenda kwa dada yake, Priyanka, katika uchaguzi mdogo wa Novemba 2024.