Hilux 3L inatetemeka na kugonga, ni ovahoo kweli?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Hilux ya zamani, dizeli, injini 3L, nabebea ndizi kutoka Marangu kushuka Moshi mjini. Asubuhi nikiwasha inatetemeka kama pawatila na inatoa moshi mweupe, ikipata moto inatulia ila kuna mlio wa ko-ko-ko hauishi. Fundi wangu anasema injini imekwisha nitafute hela ya ovahoo, yaani kuifungua yote na kuitengeneza upya. Nifanyeje kaka?
Msomaji, Himo

JIBU: Salama kaka. Hiyo hela ikae kwanza mfukoni, mimi sipendi fundi anayetaja ovahoo hata spana hajashika.

Hapo una matatizo mawili usiyachanganye. La asubuhi anza na hita plagi, zile plagi za kupasha moto silinda kabla ya kuwasha, maana moshi mweupe wa hivyo ni dizeli haijaungua, na Marangu mwezi wa saba baridi unaijua mwenyewe. Toa kile kibati kinachounganisha hita zote nne, chukua taa ya kupimia, klipu weka pozitivu ya betri, ncha gusisha kichwa cha kila hita, isipowaka taa hiyo hita imekufa. Mwaga na maji kwenye filta ya dizeli.

Sasa huo mlio. Injini ikiwa ya moto, iko silensi, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta, legeza kidogo nati ya paipu kwenye nozo moja, ile inayopuliza dizeli ndani ya silinda, sikiliza, kaza, ndo uende nyingine. Silinda nzima ukiilegezea injini inashuka na kuyumba, ukilegeza na hakuna kilichobadilika basi hiyo ndo haifanyi kazi. Mlio ukipotea kwenye silinda fulani usishangilie bado, kwasababu mlio wa beringi ya konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, nao hupungua ukifanya hivyo, kwahiyo hamisha hiyo nozo iende silinda nyingine na uweke washa (kiringi chake) mpya, mlio ukihama nayo mbaya ni nozo, ipeleke kwa watu wa pampu waipime, inatakiwa itoe ukungu siyo kudondosha matone. Mlio ukibaki palepale, ni mzito, unatokea chini na unazidi ukipanda mlima na mzigo, hapo fundi wako yuko sahihi, fungueni sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, muangalie beringi.

Vaa miwani, na kidole usikinge dizeli inayoruka, inapenya ngozi. Na wenye D-4D, zile dizeli za kisasa za Toyota, msijaribu hii ya kulegeza nati injini ikiwaka, presha ya kule ni nyingine kabisa, nyie pelekeni kwenye mashine ya dayagnosi.