Konekta za redio ya ridhaa: PL-259, N, BNC au zile za dishi?

Mkuu, kwa nilivyokuelewa, umepata leseni yako TCRA (mamlaka ya mawasiliano), una redio ya HF (masafa mafupi) ya wati 100 na redio koli ya Baofeng. Unataka daipoli (antena ya waya) ya bendi ya mita 40, yaani megahezi 7, na antena ya wima ya bendi ya mita 2, yaani megahezi 145, juu ya paa, na nyumba iko Tanga, upepo wa bahari unaingia mpaka kabatini. Muuza duka mmoja kakwambia konekta za dishi zinatosha, mwingine kakwambia usiguse konekta isiyokuwa ya aina ya N. Kila mmoja ana kaukweli kadogo. Nakujibu kwa yaliyonikuta mimi, maana konekta zimenila pesa kuliko redio zenyewe.

Nianze na kioja. Antena yangu ya kwanza ya mita 2 niliifunga kwa kebo nyembamba ya RG-58, kama mita ishirini, konekta za PL-259 huku na huku. Siku ya kwanza SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena; ikikaribia 1 ndiyo nzuri) ilisoma 1.8. Masika ikaja ikapita, nikapima tena: 1.2! Nilifurahi kweli, nikadhani antena imezoea. Kumbe wale niliokuwa nawapata kila jioni hawanisikii tena. Nilipopanda paani na kukata konekta, zile waya za nje zilizosukwa kama ukili zilikuwa kijani na nyeusi. Nikakata nusu mita, bado nyeusi. Nikakata mita tatu, bado. Maji hutambaa ndani ya ule msuko kama mafuta ya taa kwenye utambi.

Na SWR ilikuwa nzuri kwa sababu kebo yenyewe ilikuwa inakula nguvu. Inayopanda inaliwa, inayorudi inaliwa tena, mita iliyoko chini inaona vichache tu vilivyorudi na kukwambia mambo safi. Siku hizi SWR ikishuka bila mimi kugusa kitu, roho hainitulii.

Sasa aina zenyewe. PL-259 ni ya miaka ya 1930 na jina lake jingine ni UHF, lakini jina hilo lisikudanganye: enzi hizo chochote kilichozidi megahezi 30 kilikuwa masafa ya juu ajabu. Impidansi yake (upinzani wake kwa mawimbi ya redio) haishiki omu 50 sawasawa, ndiyo maana watu wanaisema vibaya. Kwenye megahezi 7 kasoro hiyo hutaiona kwa kipimo chochote ulichonacho. Kwenye 145 ipo kidogo, haikuzuii kuongea na mtu. Kwenye 430 mimi naiacha. Kwa hiyo redio yako ya HF, ambayo bila shaka ina SO-239 (tundu la PL-259) nyuma, ivalishe PL-259 na usitafute ugomvi.

Ugomvi uko kwenye kuifunga. Za bei ya chini ndani wameweka plastiki ya kawaida: ukipiga lehemu, inalainika, pini inakaa upande, siku nyingine inagusana na ganda. Tafuta yenye tefloni nyeupe. Ganda lake ni nene na linameza joto, kwa hiyo pasi ndogo ya wati 30 ya kutengenezea simu itakuchosha, lehemu itakaa juu kama tone la nta bila kushika. Mimi natumia ya wati 100. Kama imepakwa nikeli, pitisha tupa kidogo kwenye yale matundu manne kabla ya kuanza. RG-58 ni nyembamba, inahitaji kile kipunguzi kinachoitwa UG-175. Usichanganye na UG-176, tundu lake ni pana, ni la kebo nene kidogo, RG-59 na RG-8X. Halafu ile pete ya nje: ivalishe kwenye kebo KABLA ya kulehemu. Najua unacheka. Utaisahau tu, sote tumeisahau.

Ukimaliza, weka multimita: pini na ganda zisiwasiliane. Vuta kebo kwa nguvu ya kweli. Na kwenye redio kaza pete mpaka meno yakae kwenye nafasi zake, kwa sababu ganda linapata mguso kwa kukazwa. Pete ikilegea unasikia mikwaruzo, unaanza kulaumu majirani na chaja zao.

Paani, kwenye antena ya mita 2, hapo namuunga mkono yule wa N. Inashika omu 50, ina mpira ndani wa kuzuia maji, na PL-259 haina. Nunua iliyotengenezwa kwa kebo yako hasa, maana ya RG-213, ile kebo nene (milimita 10 na ushee), haiwezi kukaa kwenye RG-58 ya milimita 5. Na mpira huo usiutegemee peke yake kwa chumvi ya Tanga. Viringisha ile tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ukiivuta, ukianzia chini kwenda juu ili mikunjo imwage maji kama vigae. Juu yake tepu ya umeme ya kuikinga na jua. Kisha iache kebo ining'inie kitanzi kabla ya kuingia dirishani, maji yadondokee hapo.

Kebo yenyewe nayo: mita 20 za RG-58 kwenye 145 zinakula zaidi ya nusu ya nguvu yako. RG-213 inakula karibu theluthi moja. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja, nunua kebo.

Baofeng ina SMA, konekta ndogo ya kukaza kwa hesi, na ya kwake imegeuzwa: pini iko kwenye redio, wakati redio koli nyingine nyingi zina tundu. Peleka redio dukani, usiende na maelezo ya mdomo. Angalia pia wasikupe za ruta za Wi-Fi. Hesi zinaingia vizuri kabisa, ila pini na tundu vimebadilishana nafasi, kwa hiyo haziungani sawasawa. Tena usifunge kebo nene moja kwa moja kwenye kile kishingo, utaking'oa. Weka kipande kifupi cha kebo laini katikati. BNC ni nzuri mezani kwa kufunga na kufungua haraka, ila zile za mafundi wa CCTV nyingi ni za RG-59, ukizikrimpu (kuzibana kwa koleo) kwenye RG-58 zinacheza.

Na yule wa konekta za dishi? Kwa kurusha HF wati 100 hapana. Lakini ukija kunogewa na QO-100, ile satelaiti iliyorushwa 2018 na huku kwetu iko karibu na utosi, magharibi kidogo, utamkumbuka. Kupokea ni LNB ya kawaida (kile kichwa cha dishi), kebo ya RG-6 na konekta zake za F, kama fundi wa dishi anavyofunga. Kurusha ni megahezi 2400, na hapo ni N au SMA na kebo fupi, kwani RG-58 inakula takriban desibeli moja, yaani kama moja ya tano ya nguvu, kila mita.

Picha ya kebo yangu ya kijani ninayo bado, nikiipata kwenye simu ya zamani nitaiweka hapa.