Halloween na korona: hodi zipigwe vipi mwaka huu?

Halloween, sherehe ambayo watoto huvaa mavazi ya kutisha na kupiga hodi nyumba kwa nyumba wapewe pipi, mwaka huu wa 2020 inaangukia Jumamosi, tarehe 31 Oktoba, na usiku huohuo mwezi utakuwa mpevu. Miaka mingine, hapa Marekani, watoto wasingeingia ndani mapema. Haya ndiyo mliyoniuliza.

Mwanangu atavaa kinyago cha mifupa, kinafunika uso mzima. Bado anahitaji barakoa? (Mama wa watatu, Columbus, Ohio)

Anahitaji, dada. Kinyago cha plastiki kimetobolewa puani na mdomoni, kwa hiyo hakikingi chochote. Barakoa iwe ya kitambaa, tabaka mbili au zaidi, ibane vizuri pembeni. Lakini usimvishe vyote viwili pamoja, atashindwa kupumua vizuri. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, imeonya hivyo. Wangu alitaka kuwa popo. Tumeshona barakoa nyeusi, tukaichora meno meupe, na sasa hataki kuivua hata mezani. Aliye chini ya miaka miwili asivalishwe barakoa kabisa.

Mtaani kwetu tumekubaliana watoto wasigonge milango. Pipi tutazigawaje? (Baba, Louisville, Kentucky)

Mmefanya vyema, maana balaa liko pale mlangoni: watoto wamerundikana, bakuli ni moja, na wewe umewainamia. CDC imeweka kwenda nyumba kwa nyumba katika kundi la hatari kubwa. Hata ule mtindo wa kupanga magari na kugawa pipi kutoka kwenye buti, ambao wengi walidhani ndio mwarobaini, umo kundi hilohilo.

Osha mikono, funga pipi kwenye vifuko, kila mtoto na chake, kisha vipange mezani nje, mbali na mlango, vikiwa vimeachana. Mtoto anachukua, anapita. Wewe unapunga mkono kutoka kibarazani. Wenye ngazi wanafunga bomba la plastiki kwenye kishikio: unadondosha pipi juu, zinatokea chini mfukoni mwa mtoto, futi 6 kutoka ulipo. Lijaribu kwanza, bomba jembamba hukwamisha. Nakwambia, watoto watalipenda bomba kuliko pipi zenyewe.

Pipi nizioshe?

Hapana. Muoshe mtoto mikono kabla hajala.

Wajukuu zangu wako Minneapolis. Hii sherehe ya mashetani ni ya nini, na kwa nini wasiiache tu mwaka huu wa maradhi? (Bibi, Tanga)

Shikamoo bibi. Ni mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote, na mila zake nyingi zililetwa huku na wahamiaji kutoka Ireland na Uskoti. Wajukuu zako mashetani hawayajui, wanajua pipi. Tangu Machi wengi wao wamesomea kwenye kompyuta, wameshachoka; wakinyimwa na hili watanuna mpaka Krismasi.

Wapigie simu ya video Jumamosi saa moja usiku. Kwao itakuwa saa tano asubuhi. Wakuoneshe mavazi yao, nawe uanze, "Paukwa!" Wape zimwi la Tanga, waone kama mifupa ya plastiki bado inatisha. Ila usingoje Jumapili: usiku huo saa za huku zinarudishwa nyuma, mtapishana.

Watoto wakishalala, sisi wakubwa kama 15 tutakutana sebuleni kwangu. Kuna ubaya? (Dallas, Texas)

Upo, na ndilo swali lililonitia hofu kuliko yote. Watoto mmewafunga barakoa, halafu ninyi mkalie sebule moja, madirisha yamefungwa, muziki juu, kila mtu anapaza sauti ili asikike? New York imefuta gwaride lake maarufu la Halloween la mtaa wa Village, na Salem, mji unaoishi kwa Halloween, umewaomba wageni wasije. Sebule yako ina nini cha zaidi? Hamieni uani, mpungue, viti viachane, kila familia na sahani zake. Baridi ikiwashinda, kila mtu arudi kwake.