Mchezo unaoganda baada ya dakika 20
Kwa kuwa umesema mchezo wako wa kompyuta hucheza vizuri kwa dakika 20 za mwanzo ndipo huanza kukwamakwama na kuganda, ningeshuku joto kabla ya kulaumu kadi ya michoro (kifaa kinachotengeneza picha za skrini), maana prosesa, yaani chipu kuu zinazoendesha kazi, nyingi za kompyuta za mezani zikikaribia nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wake, kisha pulizia vumbi lililoshikamana kwenye mabamba membamba ya kipozeo kinachoondoa joto la prosesa, huku umeizuia feni kwa kidole isizunguke. Joto likiwa la kawaida, huenda mchezo umewekwa kwenye diski ya kuzunguka, ambayo huchelewa kila eneo jipya linapopakiwa. Uhamishie kwenye SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, ambayo husoma data haraka zaidi.