Baiskeli kwenye baridi kali: jasho ndilo linalokumaliza

Mkuu, umeuliza mambo mawili: uitundike baiskeli mpaka joto lirudi au uendelee nayo, na ukiendelea ufanyeje, maana vidole vya miguu vinakufa ganzi kabla hata ya nusu saa. Huu ni msimu wangu wa saba kuendesha kwenye theluji, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonikuta.

Usiitundike. Mwaka wa kwanza mimi niliitundika miezi minne. Nilipoishusha, kilima nilichozoea kukipanda huku napiga soga kiliniteremsha nikakokota. Pumzi huondoka upesi, kuirudisha ndiyo kazi. Wala huna haja ya kuendesha kama wakati wa joto. Siku hizi natoka mara tatu kwa wiki, dakika 40 mpaka saa moja, mwendo ambao naweza kuongea bila kuhema. Inatosha kulinda ulichonacho.

Sasa hilo la pili. Asubuhi moja kipimajoto kilikuwa nyuzi 4 chini ya sifuri. Nikavaa kama mtu anayekwenda kulala nje: fulana ya pamba, sweta mbili, na jaketi zito juu. Dakika kumi za mwanzo nilijiona mjanja. Kufika ya ishirini jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, nami nafurahi kwamba baridi nimeiweza. Pancha ikanikuta mahali pasipo na hata ukuta wa kujikinga. Kusimama tu, ile fulana iliyolowa ikanigandamana mgongoni kama kitambaa kilichotolewa kwenye friji. Dakika tano nyingi, natetemeka meno yanagongana. Nikashika kifuniko cha valvu, sikihisi kabisa, mwisho nikakifungua kwa meno. Tyubu ninayoibadilisha kwa dakika nane ilinichukua karibu nusu saa.

Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia, na pamba hunywa jasho ikakaa nalo. Ukiwa unapiga pedali huoni shida kwa sababu mwili unazalisha joto. Ukisimama tu, deni linadaiwa. Tangu siku ile, nguo ya ngozini kwangu ni sufu nyepesi au polista inayobana, katikati kitu cha kutunza joto, na nje jaketi jembamba la kuzuia upepo lenye zipu ndefu. Hiyo zipu naichezea njia nzima: nikipanda naishusha mpaka kifuani, nikifika kileleni naipandisha kabla sijaanza kuteremka. Na kipimo changu ni mlangoni. Ukitoka ukajisikia vizuri kabisa, umezidisha nguo, rudi uvue moja. Unatakiwa uone baridi kidogo kwa dakika kumi hivi.

Upepo nao unajitengenezea mwenyewe. Hewa ikiwa nyuzi sifuri na wewe unakwenda kilomita 25 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaumia kama vile ni nyuzi 6 chini ya sifuri. Ndiyo maana naanza safari upepo ukinipiga usoni, ili wakati wa kurudi, mwili ukiwa umechoka na umelowa, unisukume mgongoni. Nilifanya kinyume mara moja tu.

Tuje kwenye miguu yako. Nakisia umeongeza soksi. Karibu kila mtu huongeza, na ndipo mambo huharibika, kwa sababu kiatu kikibana damu haipiti, na joto la vidole linaletwa na damu. Vaa soksi moja nene ya sufu, kiatu kiwe na nafasi ya kuchezesha vidole, na juu yake kifuniko kisichopitisha upepo. Kama unatumia viatu vya kunasa kwenye pedali, kile chuma cha kwenye soli kinavuta baridi moja kwa moja mpaka kwenye unyayo. Mimi nimerudi kwenye pedali bapa na buti, wanaonicheka waendelee. Viatu vilale ndani, visilale stoo. Na ganzi ikianza, shuka ukimbie huku unaikokota baiskeli dakika mbili. Inaudhi lakini inasaidia kuliko kukanyaga kwa nguvu.

Barabarani, ogopa zaidi barafu usiyoiona, ile inayofanana na lami iliyolowa. Madaraja huganda kwanza kwa kuwa hewa baridi inapita juu na chini yake. Ukijikuta juu ya barafu hiyo, usiguse breki ya mbele, usikate usukani, acha kupiga pedali upite umenyooka. Punguza upepo wa tairi kidogo ili ishike vizuri, ila upime ukiwa nje, maana tairi uliyojaza kwenye joto la ndani hulegea yenyewe ikipoa. Tairi zenye vijimsumari niliziahirisha kwa ubahili mpaka nilipoangukia nyonga. Ni nzito na zina kelele, na sasa siziondoi msimu wote.

Ukirudi, futa cheni na uitie mafuta, chumvi ya barabarani huila haraka sana. Betri za taa huisha mapema kwenye baridi, kwa hiyo beba taa ya akiba. Chupa ijaze maji ya vuguvugu na uipachike kichwa chini kama kishikio kinaishika vizuri na haivuji, kwani barafu huanzia juu na ndiyo inayoziba mdomo.

Siku ya mvua inayoganda sitoki. Naifunga baiskeli kwenye stendi ya ndani, napiga pedali papo hapo bila kwenda popote, na kuwasha feni, vinginevyo jasho hufanya dimbwi.

Jambo moja usilichukulie kirahisi: ganzi ikifuatiwa na ngozi kuwa nyeupe na ngumu kama nta, na maumivu yakatoweka, hiyo si ganzi ya kawaida. Ingia ndani, usisugue wala usisogeze kwenye moto, tumbukiza kwenye maji ya vuguvugu, na hisia isiporudi wahi hospitali. Na kama vidole vinageuka vyeupe hata ukishika tu kitu cha baridi nyumbani, mwone daktari kabla ya kununua viatu vingine.

Hebu tuambie kwanza, ukivaa hizo soksi zako vidole vinacheza au vimebanwa?