Maswali na Majibu: Kromosomu ya Baba, Sindano za Misuli na Siku Zisizo Salama

Nimejaliwa mabinti wanne. Mama mkwe anasema tumbo langu halijui kuzaa wanaume, na mume wangu ameanza kuzungumzia mke wa pili. Je, ipo dawa au chakula cha kunisaidia nipate mtoto wa kiume? (Mama, Tanga)

Dada yangu, hakuna dawa wala chakula kinachoweza kufanya hivyo, na anayekuuzia unga au mizizi kwa ahadi hiyo anakula fedha yako bure. Kila yai la mwanamke hubeba kromosomu (uzi unaobeba urithi) ya X peke yake. Mbegu za mwanamume ndizo zinazotofautiana: takriban nusu yake hubeba X na nusu hubeba Y, na ile itakayofanikiwa kuingia katika yai ndiyo huamua iwapo mtoto atakuwa wa kike au wa kiume. Jambo hili si geni, kwani mwaka 1905 mtafiti wa Marekani, Nettie Stevens, alipochunguza chembe za wadudu wa unga kwa hadubini, aliona kwamba madume yana kromosomu moja ndogo ambayo majike hayana, akahitimisha kuwa jinsia huamuliwa kutoka upande wa dume. Mwaka 1990 watafiti wa London walibainisha jeni yenyewe (kipande cha urithi) inayoanzisha uanaume, iitwayo SRY, iliyomo ndani ya kromosomu Y. Hadi karibu wiki ya sita ya ukuaji, tezi za uzazi za kiinitete cha kike na cha kiume hazitofautiani. Jeni hiyo ikiwapo, ndipo tezi hizo huanza kuwa korodani, na korodani nazo huanza kutoa testosteroni inayojenga maumbile mengine ya kiume.

Hata hivyo, nisingependa lawama zihamishwe tu kutoka kwako kwenda kwa mume, kwa sababu naye hana uwezo wa kuchagua mbegu ipi itangulie. Mkipata mimba ya tano, nafasi ya mtoto wa kiume itakuwa ile ile, karibu nusu kwa nusu, kwa kuwa mimba zilizotangulia haziachi deni. Huyo mke wa pili naye, akiolewa, atategemea mbegu za mwanamume huyo huyo. Mama mkwe ni vyema aelezwe hivyo, kwa adabu.

Nina miaka 27 na ninanyanyua vyuma. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijidunga testosteroni ninayoletewa na mwenzangu wa jimu. Misuli imejaa, lakini naona korodani zimesinyaa. Ninatarajia kuoa. Je, nitapata watoto? (Kijana, Morogoro)

Ulichokiona ni dalili ya kweli, wala hujajidanganya. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni mbili: moja huamuru korodani zitengeneze testosteroni, na nyingine husaidia kuzalisha mbegu. Ubongo hupima wakati wote kiasi cha testosteroni kilichomo katika damu, na hufanya kazi kama boya la tangi la maji lililo juu ya paa: ukilijaza tangi kwa ndoo, boya hupanda na kufunga bomba, hata kama mfereji wenyewe ni mzima. Ukijidunga, ubongo huona kiwango kimetosha, huacha kutuma amri, na korodani zisizo na kazi husinyaa. Tena, mbegu huhitaji testosteroni nyingi ndani ya korodani zenyewe, kuliko ile iliyomo katika damu, na sindano ya kwenye paja au tako haiwezi kuufikia wingi huo. Ndiyo maana mtu anaweza kuonekana amekamilika kiume kwa kifua na sauti, ilhali shahawa zake hazina mbegu hata moja.

Athari hii inajulikana kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani liliwahi kusimamia utafiti wa kutumia sindano hizo kuwa njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1990. Kwa maneno mengine, unapanga kuoa huku ukijidunga dawa ya kuzuia mimba.

Kwa wanaume wengi mbegu hurudi baada ya kuacha, lakini si kwa haraka, kwa kuwa utengenezaji wa mbegu hadi ikomae huchukua zaidi ya miezi miwili, na mwili wenyewe huweza kuhitaji miezi mingi, wakati mwingine mwaka au zaidi, kabla ya kurudi katika hali yake. Nenda kwa daktari, umweleze bila kuficha ulichotumia na kwa kipimo gani, ufanyiwe kipimo cha homoni na cha shahawa. Usinunue dawa nyingine ya "kuamsha" korodani kutoka kwa mwenzako yule yule. Na kama mmewahi kuchangia sindano, pima pia VVU na homa ya ini.

Nilifundishwa kwamba siku ya 14 ndiyo ya hatari. Mzunguko wangu ni wa siku 35, nikakutana na mume wangu siku ya 19, na sasa nina mimba. Nilikosea wapi? (Msomaji, Nakuru)

Siku ya 14 ni ya mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28. Sehemu ya mzunguko isiyobadilika sana ni ile inayofuata baada ya yai kutoka, ambayo kwa kawaida huwa karibu siku 14, kwa hiyo hesabu huanzia mwisho kurudi nyuma: kwako yai hutoka karibu siku ya 21. Yai huishi si zaidi ya saa 24, lakini mbegu huweza kuishi hadi siku tano ndani ya njia ya uzazi, hivyo mbegu za siku ya 19 zililisubiri yai likiwa bado halijatoka. Safari, ugonjwa na kunyonyesha pia huweza kuisogeza siku hiyo.

Tangu nianze sindano ya miezi mitatu sipati hedhi. Hiyo damu inakusanyika wapi? (Msomaji, Mwanza)

Haikusanyiki popote, kwa sababu haijatengenezwa. Hedhi ni utando wa ndani wa mji wa mimba unaobomoka. Sindano huufanya utando huo uwe mwembamba mno, kwa hiyo hakuna cha kutoka. Ukitaka mtoto, panga mapema, kwani uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi, kwa kawaida hadi karibu miezi 10 tangu sindano ya mwisho.

Mimi na mchumba wangu tumepima na vyeti vyote viwili vimeandikwa AS. Tuachane? (Wachumba, Pwani)

Uamuzi huo ni wenu, nami nitaeleza hesabu tu. Kila mmoja wenu ana nakala moja nzima (A) na moja yenye kasoro (S) ya jeni ya hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni; ni kasoro ya herufi moja tu ya DNA. Kwa kila mimba, uwezekano wa mtoto kuwa SS, yaani mwenye selimundu, ni robo. AS ni nusu. AA ni robo. Wengi hukosea hapa: wakipata mtoto mmoja mgonjwa hudhani watatu wanaofuata wana kinga, ilhali hesabu huanza upya kila mara.

AS si ugonjwa. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wenye nakala moja hupata kinga dhidi ya malaria, na ndiyo sababu nakala hiyo imebaki kwa wingi katika maeneo yetu ya joto. Mkioana, mtoto apimwe mapema, kwa kuwa kumkinga na maambukizi tangu uchanga na kutumia dawa ya haidroksiurea kwa ushauri wa daktari hupunguza sana mateso.

Mtoto wangu ni mweusi kuliko mimi na mama yake. Nikapime DNA? (Baba, Dodoma)

Rangi ya ngozi hutokana na jeni nyingi zinazochanganyika, hivyo mtoto kuwa mweusi kuliko wazazi wake si ushahidi wa lolote. Ukiendelea kutaka kipimo, nchini Tanzania hufanywa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na ombi hupitia mamlaka kama mahakama, ustawi wa jamii au wakili. Kabla ya kufika huko, itazame vizuri picha ya babu yako.