Je, damu yangu imeikataa mimba ya mume mpya?

SWALI: Daktari, asalaam aleikum. Niko Faza, mimba ina wiki 31. Mtoto wangu wa kwanza, ana miaka 11, nilimzaa kwa mume wa awali bila shida. Huyu wa mume mpya presha imefika 150/100, na kijiti cha mkojo kiligeuka kijani. Mavyaa asema damu yangu yaikataa damu ya mwanawe. Ni kweli?

JIBU: Wa aleikum salaam, dada. Vipimo vyako vyaelekea priklampsia, yaani ugonjwa wa presha ya mimba. Mavyaa ana ukweli kiasi, ila hilo neno "kukataa" lapotosha.

Kondo la nyuma nusu yake ni asili ya baba, kwa hiyo kwa kinga yako ni mgeni. Katika mji wa mimba kuna chembe za kinga ziitwazo wauaji asilia. Jina baya! Pale haziui, husaidiana na chembe za kondo kupanua mishipa midogo ya mama. Chembe hizo zisipoelewana, mishipa hubaki myembamba, damu ikapita kwa kusuasua kama boti kwenye mlango mwembamba wa bahari wa Mkanda maji yakikupwa. Kondo lenye njaa ya damu humwaga mwilini mwako protini zinazoumiza kuta za mishipa kila mahali. Presha hupanda, figo huvujisha protini, na kijiti cha njano hugeuka kijani.

Kuhusu mume: mimba ya kwanza ndiyo yenye hatari zaidi, na wengi waliamini mume mpya humrudisha mwanamke pale pale, kinga yake ikiwa haijamzoea. Utafiti wa Norway wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa miaka mingi kati ya mimba na mimba ndiyo inayoeleza zaidi. Wewe una yote mawili. Si kosa lako wala la mumeo. Mweleze mavyaa kwa adabu.

Lakini kwa vipimo hivyo usingoje siku ya kliniki. Panda boti leo uende hospitali mjini Lamu, ukiwa na mtu. Kichwa kikigonga sana, macho yakiona vimulimuli, au ukiumwa chini ya mbavu za kulia, hiyo ni dharura: kuna sindano ya magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba. Dawa za presha zitakulinda, ila ugonjwa wenyewe hauanzi kuisha mpaka kondo litoke, na huenda daktari akaamua uzae mapema.

Ukishika mimba nyingine, wahi kliniki kabla ya wiki ya 16 uulizie aspirini ya dozi ndogo. Sasa hivi umeshachelewa kuianza.